Kocha wa Warefu

Mara ya kwanza alipofika barazani kwangu Ipagala hakuwa na kitambaa mkononi, hakuwa na nguo ya kurekebisha, wala hakuwa na mtoto wa kupimwa sare. Alisimama pembeni ya cherehani, mikono nyuma, akitazama suruali za shule nilizokuwa nimezitundika kwenye kamba. Alizitazama kwa chini, kwenye pindo, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Fundi, nina swali. Mwaka huu kuna mtoto umemfumulia pindo mara tatu?"

"Mtoto wa nani?"

"Wa yeyote. Yule ambaye suruali inamkimbia."

Nilidhani ni mtu wa ofisi fulani aliyetumwa kunichunguza, nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi nashona, siweki habari za watoto wa watu. Akacheka bila sauti. Akanionyesha suruali moja ya kijivu kwenye kamba, akaniambia, "Huyu, kwa mfano, alikua mwezi wa nne, akapumzika, akakua tena. Sasa hivi amesimama. Huyu siye."

Alikuwa amesema kweli tupu. Sisi tunaoshona sare huacha kitambaa kimekunjwa kwa ndani, chini ya mguu wa suruali. Kwa mzazi mwenye uwezo tunaacha vidole vinne. Kwa asiye na uwezo tunaacha hata shubiri nzima, ili suruali iende na mtoto mpaka itakapochanika. Kila ukifumua, kile kipande kilichokuwa ndani kinatoka na rangi yake mbichi, na pale kilipokunjwa panabaki mstari usiofutika kwa sabuni. Mimi niliiona mistari ile kila siku na kuiona aibu ya kazi yangu. Yeye aliisoma.

Alikuwa kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kimoja hapa mjini. Chuo chenyewe si kikubwa. Wanafundisha mambo ya ugavi, utunzaji wa kumbukumbu, uhasibu wa kawaida, na kiwanja chao kilikuwa nyuma ya jiko, saruji imepasuka na mbao za magoli zimepinda kwa jua. Lakini katika miaka ile hapakuwa na timu ya chuo, hata zile za Dar es Salaam zenye viwanja vya ndani, iliyopenda kuja Dodoma. Vyuo vingine vilikuwa na mrefu mmoja vikamlea kama yai. Chake kilikuwa na sita au saba, na wengine wao walikaa benchi. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa na utani wao. Mmoja anauliza kwa sauti, "Kile chuo kinatoa kozi gani?" Wenzake wanaitikia, "Stashahada ya urefu." Kocha alipousikia utani huo alimgeukia aliyeuanza akamwambia, taratibu kabisa, "Na masomo ya jioni yapo, mwanangu, ila wewe huna sifa."

Yeye mwenyewe alinifika begani. Alipotaka kuwasema wachezaji wake aliwakalisha chini kwanza, kwenye saruji, ndipo akaanza. "Siwezi kugombana na kitovu cha mtu," alisema.

Kwao sikupajua na sikumwuliza. Nilijua tabia zake, maana kwa miaka karibu sita hakikupita kipindi kirefu bila kupita barazani, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa shati na kuzimenya moja moja. Jumapili alikwenda kanisani akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akihesabu vichwa vilivyopita vingine. Ijumaa alisimama ng'ambo ya barabara kutazama watu wakitoka msikitini. Siku moja padri alimwambia hadharani, "Mwanangu, wewe unaomba au unachagua?" Akajibu, "Baba, naomba nichague vizuri."

Hakubeba futi kamwe. Alisema ukimpima mtu kwa futi anafikiria jeneza au jeshi. Vijijini alitumia mlango. Aliomba maji ya kunywa, akakaa uani, akatazama nani anatoka ndani na anatokaje. Mtu wa kimo cha kawaida huinama akifika mlangoni. Mrefu wa kweli, alisema, huinama akiwa bado katikati ya chumba, kwa sababu kizingiti kimemfundisha tangu utotoni. Alisema pia kwamba mrefu ana haya. Ukimwita "we mrefu" anajikunja. Ukimwita kwa jina lake ananyooka. Kwa hiyo majina ya warefu aliyashika yote, pamoja na ya mama zao. Ya watu wengine hayakumkaa. Langu hakulijua mpaka leo. Mimi nilikuwa Fundi.

Niseme wazi kwamba nilimsaidia. Nilimtajia mtoto wa mama mmoja anayeuza mboga mtaa wa pili, ambaye nilimfumulia mara tatu kati ya Januari na Agosti. Nilimtajia wawili wa Ihumwa. Na nilimtajia wa nne, huko Mlali, kijijini kwa mjomba wangu, kijana niliyemwona nilipokwenda msibani, akitoka kwenye nyumba kama mtu anayetoka ndani ya kapu.

Kwa huyo wa Mlali, Kocha aliniomba nimsindikize. Alisema mwanaume mgeni anayekuja peke yake kuulizia kijana huwatia watu wasiwasi, lakini akiwa na mwanamke wa hapo wanajua ni mambo ya ukoo. Tulikwenda mara tatu, nami nikaona alivyofanya kazi. Mara ya kwanza hakutaja mpira. Alisalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa matamshi mabovu hata watoto wakaviringika kwa kicheko, akapewa kigoda, akaketi na wanawake akapura nao mtama mpaka mashati yetu yakajaa makapi. Tukaondoka. Mara ya pili alizungumza juu ya mvua na bei ya alizeti. Mara ya tatu alileta viatu.

Vilikuwa viatu vya mtumba, vyeusi, vikubwa kama vitanda vya mtoto. Aliviweka chini karibu na mguu wa kijana, kimya. Kijana yule alikuwa hajawahi maishani mwake kuvaa kiatu cha saizi yake. Alivaa, akatembea mpaka kwenye zizi, akarudi, akasimama. Baadaye Kocha aliniambia njiani, "Hapo Fundi hata ningemwambia twende tukachimbe kisima angekuja." Alisema bila fahari yoyote. Sikumlaumu, kwa sababu nami nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

Siku hiyo ndipo mama yake alipouliza, "Mpira wa mikono? Huyo si golikipa?"

"Huku kwetu wote ni magolikipa, mama."

Babu yake, aliyekuwa amelala kwenye ngozi kando ya ukuta, akasema bila kufumbua macho, "Huyu ndiye anayetuanikia mlenda juu ya paa bila ngazi. Mkimchukua itabidi tununue ngazi."

"Ngazi nitaleta," akasema Kocha.

Wote tulicheka. Baada ya wiki mbili aliileta, ngazi ya mbao mpya, juu ya lori la mahindi, akiishikilia mwenyewe isidondoke.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwenye bweni la chuo vitanda vilikuwa vifupi, akamwita seremala aviongezee sanduku miguuni. Kabla ya kijana yeyote kulala, yeye alipanda kwanza, akajinyoosha, kisigino hakifiki hata nusu, akasema, "Ongeza kidogo, bado nabanwa." Mimi ndiye niliyeunga mashuka. Alikuja kukagua mshono kwa kidole ili usije ukamkwaruza mtu. Wakati huohuo, kijana akifunga vikapu ishirini hakumpigia makofi. Alimwambia, "Kesho uje mapema." Kasi hufundishwa, alisema, urefu huombwa, na hakuna sababu ya kumshukuru mtu kwa kitu alichopewa na mwingine.

Kijana wa Mlali alicheza mwaka mmoja na nusu. Watu walikuja mpaka kutoka Area C kumwangalia tu akiudaka mpira uliodunda kwenye ubao, kama mtu anayechuma papai. Kisha goti lake likaharibika. Nilikuwa na suruali yake barazani, nasubiri aje kuichukua, hakuja. Kocha alipokuja na karanga zake nilimwuliza.

"Amerudi kwao," akasema.

"Amemaliza masomo?"

"Amerudi kwao, Fundi."

Akamenya karanga nyingine. Mwaka uliofuata nilikwenda Mlali kwenye mavuno. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na mdogo wake wa kike alikuwa juu ya paa akigeuza mlenda. Kijana mwenyewe alikuwa chini, amekaa, mguu mmoja amenyoosha. Aliniamkia kwa adabu. Mama yake hakuniuliza kitu. Alinipa maji, akanipa na mtama wa kubeba, nami niliubeba kwa sababu kukataa kungekuwa kusema kitu.

Sasa nieleze habari za nyumbani kwangu, maana bila hizo Kocha hataeleweka.

Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa watatu. Nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu wa darasa, nikakaa kwenye cherehani ya mama, na sikusimama tena. Mdogo wangu wa kike nilimsomesha mpaka kidato cha nne, akaolewa Manyoni. Akabaki wa mwisho, wa kiume. Mama alinishika mkono siku ya mwisho akaniambia huyu amalize shule, amalize kabisa, apate cheti. Hakutaja wengine. Nilimwahidi.

Na huyo wa mwisho alianza kurefuka akiwa kidato cha kwanza, akawa haachi. Nilimwachia pindo la shubiri, likaisha. Nikaunga kitambaa. Nilipofumua nililoweka suruali nzima kwenye rangi ya bluu ya kuchovya ili mstari usionekane. Nilijiambia nafanya hivyo ili wenzake wasimcheke. Lakini watoto wengine wa mtaa sikuwachovyea suruali zao kwenye rangi. Kocha alipokuja nilimwambia mdogo wangu akae, asisimame, na alikaa kwenye kigoda changu kifupi huku magoti yakimfika masikioni, akijifanya anasoma.

Kwa hiyo nilikuwa nimetaja watoto wanne wa watu, na wa kwangu nimemficha nyuma ya cherehani.

Kocha hakuuliza kwa karibu miaka miwili. Hilo ndilo jambo nililoshindwa kulielewa. Alikuwa mtu wa kuteremka kwenye basi linalokwenda kwa sababu ameona bega la mtu juu ya ua. Mara moja tu, akiwa anaondoka, alisema kama anayekumbuka kitu, "Na huyu wako umemfumulia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Wewe ni fundi mzuri," akasema. "Mstari hauonekani kabisa."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mdogo wangu alikuwa na D zake za kutosha kwa cheti cha chuo, lakini si kwa kidato cha tano. Nilikuwa nimepanga nimfundishe kushona. Alikaa mbele yangu na sahani yake, hakula.

"Dada, nataka kwenda kwa Kocha."

"Yule anatafuta magoti mapya tu. Ya zamani anayarudisha kijijini."

"Watoto wa wenzako uliwataja."

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua. Wanasema kocha anachukua warefu kwa fundi kama anachukua suruali. Mimi ndiye pekee uliyenikalisha."

Kulikuwa na sababu ya Mlali, na hiyo niliweza kuitaja. Ile nyingine sikuitaja. Akiondoka yeye, ningebaki na cherehani na sahani mbili.

Nilikwenda chuoni mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia pale. Wachezaji walikuwa wakikimbia, na Kocha amesimama katikati yao kama kigingi. Nikamngoja mpaka alipokuja pembeni.

"Nakuletea mdogo wangu," nikamwambia. "Lakini akiumia abaki darasani mpaka amalize."

"Siahidi."

"Basi simleti."

"Fundi, sikiliza. Chuo kinanipa nafasi chache za kusoma bila ada. Ni za wachezaji. Mtu akiacha kucheza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Sikupanga mimi."

"Na wa Mlali, alipanga nani?"

Akageuka akawatazama vijana wake. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mmoja wao akasimama na kuuliza kama wameshamaliza. Hakumjibu.

"Mlete," akasema.

"Hujaahidi."

"Nimesema mlete."

Nilimleta. Sijui mpaka leo kama nilimwamini au nilichoka kumficha.

Mdogo wangu alilala kitanda chenye sanduku miguuni, kwenye shuka nililounga mwenyewe. Alisoma ugavi. Nilikwenda kumtazama akicheza mara mbili, nikakaa juu kabisa kwenye tofali za ukuta, nikasikia watu nisiowajua wakilitaja jina lake. Ni jambo geni kusikia umati unaita jina ambalo kwa miaka mingi uliliita peke yako, tena kwa kumwambia achote maji. Nyumbani niliendelea kupika kiasi kilekile kwa muda, mkono ulikuwa umezoea. Kilichobaki niliwapa jirani, mpaka jirani akaniambia kwa upole, "Dada, punguza unga."

Mwaka wa pili, kwenye mchezo wa kawaida tu, alishuka vibaya akakanyaga mguu wa mtu. Goti. Walinipigia simu kutoka bweni. Nilichukua begi tupu, nikaenda kumchukua kabla hajarudishwa, maana niliona ni heri atoke na dada yake kuliko kusindikizwa stendi.

Kocha alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni.

"Hilo begi la nini?"

"La nguo zake."

"Rudi nalo."

"Kocha, usinizungushe. Kama nafasi yake imekwisha niambie."

"Ana mtihani Jumatatu. Rudi nalo."

Sikuambiwa zaidi. Nilirudi na begi. Mdogo wangu alikwenda darasani kwa magongo, kisha kwa gongo moja, kisha bila gongo. Hakurudi kiwanjani. Alimaliza cheti, akamaliza na stashahada. Nilishona suti yake ya mahafali mwenyewe na pindo lake niliacha vidole viwili tu, kwa kuwa alikuwa ameacha kurefuka.

Lakini msimu ule chuo kilianza kufungwa mechi. Kilifungwa nyumbani, kwenye saruji yake chakavu, na chuo kilichokuwa na senta mmoja, mchezaji wa chini ya goli, mrefu kupita wote wa Kocha. Mitaani watu walisema mzee jicho limemwisha. Warefu sasa wanampita mbele ya macho haoni. Mwaka uliofuata alikuwepo kocha mwingine, kijana, mwenye filimbi na kompyuta. Kocha wangu hakupita barazani kuaga. Benchi la wateja lilibaki na maganda ya karanga kwenye ufa wake. Nami, niseme kweli, nilikubaliana na watu. Nilidhani amezeeka.

Miaka ikapita. Mdogo wangu alipata kazi ya stoo kwenye mgodi huko Geita. Hupiga simu mwisho wa mwezi. Hupiga akiwa anatembea, nasikia upepo.

Mwaka huu nilipeleka mapazia kwenye nyumba mpya Ihumwa, upande wa reli, na nikiwa nimeshayatundika naondoka, nikamwona mtu ndani ya uzio wa miiba akifunga matawi ya mizabibu kwenye waya. Alikuwa ameweka kigoda apate kuufikia waya wa juu. Nilimjua kwa mgongo.

"Shikamoo, Kocha."

Akashuka taratibu. "Marahaba, Fundi." Kama vile niliachana naye juzi.

Alikuwa anaishi peke yake katika vyumba viwili. Alinipa zabibu kwenye bakuli la bati, tukakaa kivulini mwa ukuta. Nilimweleza habari za mdogo wangu, kazi, mgodi, kwamba ameoa. Alisikiliza huku akiokota majani makavu magotini. Nikamwambia nilichokuja nacho moyoni miaka yote, kwamba sikuwahi kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Hujui ulichopewa."

Ndipo akaniambia. Msimu ule goti lilipoharibika, alikuwa ameshampata kijana mwingine, mbele ya Kongwa huko, mrefu kuliko wote aliowahi kuwaona. "Yule alikuwa akisimama uani anatazama juu ya paa la nyumba yao kama wewe unavyotazama juu ya meza." Alikwishakwenda mara tatu. Viatu alikwishapeleka. Kijana alikwishafunga mzigo. Na nafasi ilikuwa moja, ile ya mdogo wangu.

"Nikaenda kumwambia mama yake nafasi imejaa. Safari hii nilikwenda mwenyewe, si kama Mlali. Akaniuliza ameijaza nani. Nikamwambia kijana mwenye goti bovu. Akacheka, akadhani namtania."

"Na yule kijana?"

"Si ndiye aliyetufunga." Akatabasamu kidogo. "Wenzetu walimchukua na viatu vyangu miguuni. Wakubwa wa chuo wakaniita. Wakaniuliza, mzee, huyu kapita mkoa wako huohuo, hukumwona? Nikasema sikumwona."

Siku zile mtu huyu hakuwa na nyumba, hakuwa na mke niliyemjua. Alikuwa na jicho lake tu, na watu wote walijua analo. Hilo ndilo alilolitoa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekuja na shukrani zako hapa. Mama wa Mlali hana wa kumshukuru." Akatupa majani chini. "Sikumweka mdogo wako kwa ajili yako, Fundi. Usijipe."

"Mimi ndiye niliyekutajia wa Mlali."

"Najua."

Tulikula zabibu. Treni ikapita upande wa pili wa uzio, ndefu, isiyo na kelele za zile za zamani, na wote wawili tuliifuata kwa macho mpaka ilipokwisha.

"Hupiga simu?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi."

"Vizuri. Mimi hawanipigii. Warefu wana mambo mengi." Aliisema kama habari ya hali ya hewa. Kisha, bila kunitazama, "Leo ni tarehe ngapi?"

Haikuwa mwisho wa mwezi. Nilitoa simu nikampigia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akapokea, nyuma yake kuna mitambo na watu wanapiga kelele.

"Dada, kuna nini? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Nikampa Kocha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasimama. Mtu aliyejua la kusema kwa mama yeyote wa mkoa huu alisimama na simu sikioni akitafuta neno.

"Haloo," akasema. "Unaendeleaje huko?" Akasikiliza. "Haya. Haya. Kazi njema." Akanirudishia haraka, kama kitu cha moto.

Nikaiweka sikioni. Mitambo ilikuwa inanguruma.

"Dada," akasema mdogo wangu, "huyo mzee ni nani?"

Kocha alikuwa amesimama hatua moja kutoka nilipo, uso ameuinua kwangu, anangoja.

"Ndiyo," nikasema kwenye simu. "Nitamwambia." Nikakata.

"Anasemaje?"

"Anasema shikamoo, Kocha."

Akavuta kola ya shati lake ikakaa sawa. Akageuka kidogo upande wa Geita, au upande aliodhani Geita iko.

"Marahaba," akajibu.